Matofali Mia

Ukuta wa uwanja wa Rwabihanga ulianguka Jumapili saa kumi na dakika kumi na mbili jioni, ukaua watu watano. Wa sita hakuuawa na ukuta. Huyo alikuwa kipa wa Ihembe, mwanamume wa miaka ishirini na sita aitwaye Habumugisha, na mashabiki walimmaliza kwa matofali ya ukuta huohuo, mbele ya goli alilokuwa analilinda, kwa sababu mtu mmoja alipaza sauti kwamba Ihembe ndio waliouangusha.

Jumanne asubuhi Sajenti Rogasian alifika kwa pikipiki kutoka Rubwera. Alikuwa mtu wa Muleba, miaka arobaini na minane, mpelelezi wa wilaya, na kila kitu alikiandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Langoni alimkuta mwenyekiti wa klabu, Rwezaura, mnunuzi wa kahawa, amevaa jaketi la kijani la timu.

"Afande, kesi hii nyepesi," alisema Rwezaura kabla hata ya salamu kuisha. "Ihembe hawakupita langoni. Mganga wao aliwaambia langoni tumefukia kitu. Wakaruka ukuta, watu kumi na wanane, na njumu zao. Ukuta una miaka zaidi ya thelathini. Uliwavumilia, mwisho ukachoka."

"Mlifukia kitu?"

"Huo ndio mpira, afande."

"Sijauliza mpira."

Rwezaura alitazama kilima cha pili. "Kuku mmoja tu."

Rogasian aliandika: kuku mmoja. "Waliruka wapi?"

Rwezaura alimpeleka kwenye kona ya kaskazini, karibu na choo. Alama za njumu zilikuwa zimechimba plasta toka chini mpaka juu, utadhani ng'ombe amepandishwa hapo. Rogasian alivua kofia, akaegemeza bega kwenye ukuta, akasukuma kwa nguvu zake zote. Haukutikisika. Kisha alihesabu hatua kutoka hapo mpaka pale ulipobomoka, upande wa magharibi. Hatua sitini na nne.

"Ulioparamiwa umesimama," alisema. "Uliolala hawakuugusa."

"Mtikisiko husafiri, afande."

"Ukasafiri hatua sitini na nne bila kuangusha kitu njiani?"

Rwezaura alianza kusimulia habari za uwanja, kama mtu anayefunika chungu kinachofurika. Alisema uwanja huo si wa serikali wala wa mzungu. Ulikuwa mteremko wa mawe. Wazee walikata udongo juu wakaujaza chini kwa vikapu, misimu miwili ya kiangazi, mpaka mpira ukiwekwa katikati haukimbii. Mwaka themanini na tisa wakajenga ukuta kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Tabaka la ndani, linalotazama mpira, lilikuwa matofali ya kijiji, likapigwa plasta na rangi ya kijani. Tabaka la nje, linalotazama migomba, lilikuwa matofali ya kaya. Kaya mia tatu na arobaini, kila kaya matofali mia, na kila kaya ikajenga kipande chake yenyewe.

"Aliyeleta tisini na tisa alirudishwa nyumbani," alisema Rwezaura kwa majivuno. "Hapa timu kubwa zimekuja zikafa. Mtu akiingia tu, zile kelele zinagonga ukuta zinamrudia. Upande huu wa magharibi tunauita Jukwaa la Wachovu. Asiye na kiingilio anakaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia. Mzee asiyeweza kupanda anakaa nje chini, anasikiliza. Wanaokaa juu wanamtangazia."

"Jumapili walikaa wangapi juu?"

"Arobaini. Labda hamsini."

"Na kila Jumapili?"

"Ni hao hao, afande. Wachovu hawapungui."

Rogasian aliandika. Hamsini kila wiki, miaka na miaka, na ukuta ulikuwa haujawahi hata kupata ufa.

Aliomba aletewe mtu aliyeujenga. Akaletewa Anastazi, fundi wa siku zile, sasa mzee mwenye jicho moja jeupe, anatembelea mkongojo wa mti wa mbuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Umekuja kuutazama mzoga?"

"Nimekuja kuufungua. Nifundishe kuusoma."

Mzee alicheka kidogo, akachutama kwenye kifusi. Alichukua tofali, akalifuta kwa kiganja. Ubavuni kulikuwa na mistari mitano, kama mkwaruzo wa kitana. "Wakati ule wengi hatukuwa na kalamu. Kila kaya iliweka alama kwenye udongo mbichi kabla ya kuchoma, kamati ipate kuhesabu. Kitana ni kaya ya Kokwijuka." Akachukua jingine, lenye msalaba. "Huu ni wa kwangu. Alama zote zilitazama nje. Katibu alipita kwenye migomba anahesabu, na wa kulipa faini akajulikana."

"Vipande viliungana?"

"Havikufumwa. Kila mtu alisimamisha chake kama mlango, na tope likaziba katikati. Tulibishana siku hiyo. Nilisema ufumeni. Wakasema hapana, kazi ya mtu itachanganyika na ya mvivu."

Rogasian aliwapa kazi askari wawili aliowakuta wakilinda kifusi. Waliyapanga matofali kwenye nyasi, kila alama na fungu lake. Jua lilipofika utosini, mafungu yalikuwa matatu: kitana, msalaba, na yale ya kijiji yasiyo na alama. Alitembea nje ya ukuta, mahali migomba ilipokuwa imesogea mpaka ikaugusa, akatazama ncha mbili zilizobaki zimesimama. Ncha ya kulia, kitana. Ncha ya kushoto, msalaba.

"Mzee Anastazi, wewe na Kokwijuka mlipakana?"

Mzee aligeuza lile jicho zima pembeni. "Hapana. Katikati yetu palikuwa na kaya nyingine."

"Mbona hapa haina hata tofali moja?"

"Yalirushwa," alidakia Rwezaura. "Watu walikuwa na hasira. Walimpigia yule kipa."

Rogasian alivuka uwanja mpaka kwenye goli. Damu ilikuwa imekaukia kwenye mchanga, na nzi hawakuwa na haraka. Yale matofali yaliyotumika askari walikuwa wameyazungushia kamba tangu Jumapili. Aliyageuza moja moja. Yalikuwa ishirini na matatu. Kitana, msalaba, kitana, kitana. Jingine halikuwepo.

Alirudi. "Ukuta ukianguka huvunja matofali. Hauyali. Kaya ya katikati ilikuwa ya nani?"

Anastazi alichora kwa mkongojo, mashimo matatu madogo kwenye vumbi. "Vidole vitatu. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vitatu, shoka lilichukua viwili. Twagirayezu."

"Yuko wapi?"

"Tulimtoa hapo ulipokanyaga. Yeye ndiye mzee aliyekuwa anakaa chini. Kila mechi alikuja na kigoda, akaegemea matofali yake. Alisema mgongo wake haudaiwi kiingilio na kitu alichokijenga."

Rogasian aliondoa mguu wake pale. Hapo ndipo alipomwona Rwezaura akifunga zipu ya jaketi mpaka shingoni, na jua lilikuwa kali.

"Mwenyekiti, ulimfahamu marehemu?"

"Nani hamfahamu? Tuna kesi naye. Tulikuwa nayo." Rwezaura alikohoa. "Kile kibanja chake, shamba la eka mbili, kinachopakana na mashine yangu ya kahawa. Marehemu baba yangu alimkaribisha tu. Hawa walikuja na wakimbizi wa tisini na nne, leo wanasema wapo toka zamani. Kesho Jumatano baraza la kata linakata maneno."

"Ukuta wa mwaka themanini na tisa ulikuwa na matofali yake."

Anastazi alitema mate.

"Ndiyo maana kuna matofali mia hayaonekani," alisema Rogasian taratibu. "Mtu akiyaondoa hayo, ameondoa miaka mitano ya mzee. Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Jumamosi kijiji kizima kilikuwa msaragambo wa barabara ya Kaisho. Nilisimamia mimi. Watu mia mbili waliniona, na daftari la mahudhurio lipo." Rwezaura alikuwa amepona woga, sasa alitabasamu kabisa. "Afande, kwa nini nijitese kuiba matofali? Baraza lilishayakataa. Binti yake Nikuze alileta tofali moja wiki iliyopita, mwenyekiti wa baraza akamcheka. Nami nilikuwepo. Nilicheka pia. Nenda kamuulize Adelard."

Ofisi ya kata ilikuwa umbali wa kilomita moja, nyumba ya bati yenye mlango unaopenda kujifunga kwa upepo. Ulizuiwa kwa tofali. Rogasian aliliruka, akasalimia, akakaa kabla ya kukaribishwa.

Adelard, mwenyekiti wa baraza, alikuwa akila ndizi za kuchoma kwenye gazeti. Alikuwa mnene, mcheshi, na kila alichosema alikisema kama watu kumi wanamsikiliza.

"Nikuze? Yule mwanamke ni king'ang'anizi, afande. Daftari za kaya ziliungua pamoja na ofisi ya zamani, sasa kila mtu anakuja na hadithi yake. Yeye akaja na tofali. Anasema baba yake alikuwa kaya hapa mwaka themanini na tisa, vidole vyake hivi. Nikamwambia, mama, tofali moja hata mimi naweza kulibonyeza vidole vitatu nikalichoma jikoni."

"Alisema nini?"

"Aliomba baraza liende uwanjani likaone ukuta. Nikamwambia baraza haliendi kwa ushahidi, ushahidi ndio huja kwa baraza. Kaya ilikuwa matofali mia. Leta mia, nitaandika kwamba mlikuwa kaya." Alijipangusa midomo. "Watu walicheka sana siku ile."

"Ulimaanisha alete?"

"Nani anabeba ukuta kichwani, afande?"

"Alikuelewaje yeye?"

Adelard alishika kipande cha ndizi, hakukipeleka mdomoni.

"Lile tofali alilolileta liko wapi?" aliuliza Rogasian.

"Nililitupa. Sijui. Hapo nje."

Rogasian alinyanyuka, akaenda mlangoni, akainama. Aliligeuza lile tofali la kuzuilia mlango. Vidole vitatu vilikuwa vimezama ubavuni, vinene, na katika kimoja michirizi ya ngozi ilionekana wazi, imechomwa humo kama kwenye chuma. Alipolinyanyua, mlango ulijibamiza, chumba kikawa giza.

"Andika ulichomwambia," alisema. "Maneno yaleyale. Weka tarehe, weka sahihi."

"Kwani kusema ni kosa?"

"Andika."

Kibanja cha Twagirayezu kilikuwa kizuri. Migomba ilikuwa na mikungu mizito, mibuni ilikuwa imepogolewa vizuri chini yake, na hakukuwa na jani moja la gugu. Matanga yalikuwa yameshapungukiwa na watu. Dada wa marehemu, bibi Mukabera, alikuwa amekaa kwenye mkeka peke yake, na Nikuze alikuwa nyuma ya nyumba akimenya ndizi. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, mikono yake imechubuka kwenye viungo vyote vya vidole.

"Pole na msiba, mama."

"Tumeshapoa, afande."

"Kaburi silioni."

"Walitukataza kuzika hapa. Walisema kibanja chenye kesi hakizikwi mtu, tusije tukafanya kaburi kuwa ushahidi. Yuko makaburi ya kanisa." Aliendelea kumenya. "Ukiyatafuta, yako pale. Huna haja ya kupekua."

Rogasian alifunua rundo la majani makavu ya mgomba. Matofali yalikuwa yamepangwa kumi kumi, yameoshwa tope lote. Upande wenye vidole ulitazama juu. Alihesabu mara mbili. Tisini na tisa.

"Umeyaosha."

"Nilitaka vidole vionekane. Adelard macho yake mabovu."

"Uliyatoa lini?"

"Jumamosi. Watu wote walikuwa barabarani. Sisi hatuendi tena, Rwezaura alifuta jina letu kwenye daftari la msaragambo tangu kesi ianze. Nilikuwa na siku nzima, na panga. Tope lile ni laini, linatoka kama ugali wa jana. Nilibeba saba saba kwenye kikapu, juu nikaweka majani ya maharage. Safari kumi na tano."

"Na pale yalipotoka?"

"Nilipaziba kwa majani ya migomba, yasije yakaonekana kabla ya Jumatano. Rwezaura angejua, angekuja kuyachukua."

"Hukujua ukuta utaanguka?"

"Tabaka la ndani lilibaki. Niliupiga kwa kiganja, ukasimama. Nikaona unatosha."

"Jumapili watu hamsini hukaa juu yake."

Nikuze aliweka kisu chini. "Mimi nilikuwa nawaza Jumatano."

Bibi Mukabera alikuwa amefika kwenye kona ya nyumba, akasimama hapo na shuka lake.

"Baba yako alijua?"

"Angekataa. Angesema ukuta ni wa kijiji. Alikuwa mgonjwa wiki mbili, haamki. Jumapili niliondoka kwenda misa Kaisho, na kumtafuta shahidi mmoja, nikamwacha kitandani amekunywa uji. Shangazi huyu hapa alikuwa naye."

"Alisikia ngoma za uwanjani," alisema Mukabera. "Akaniambia nipe kigoda changu. Nilifurahi. Nikasema mzee amepona. Nikambebea mimi mwenyewe mpaka njia panda."

Jogoo wa jirani aliwika, saa isiyo yake.

"Alikuta majani ukutani," alisema Rogasian. "Angeyaona."

"Macho yalikwisha toka mwaka juzi," alisema Nikuze. "Alikuwa anapapasa."

Rogasian alitoa hati ya ukamataji, akaiweka juu ya paja, akaanza kujaza. Nikuze alimtazama anavyoandika, kisha akasogea karibu.

"Afande. Sikatai. Nifunge. Ila baraza ni kesho saa tatu. Niache niyapeleke, niyapange mbele yake, anihesabie. Saa nne nitakuja Rubwera kwa miguu yangu."

"Hapana."

"Nani atakuumbua? Saa moja tu."

"Yakitoka hapa yanatoka kama vielelezo vya polisi. Yakipita mahali pengine kwanza, wakili yeyote atasema yamechezewa, na yule kipa wa Ihembe atabaki ndiye aliyeangusha ukuta. Ana mama yake."

"Na mimi nilikuwa na baba."

Rogasian aliendelea kuandika. Nikuze akashusha sauti. "Polisi si mnapima vidole? Vya kwake vimo humo, vya mwaka themanini na tisa. Mpime."

"Mzee mmemzika jana. Kufukua ni amri ya mahakama, na mahakama itauliza namtafuta muuaji gani. Muuaji nimeshampata."

Alisema hivyo bila ukali, kama anayetaja bei ya sukari. Mukabera alikaa chini palepale kwenye majani.

"Basi andika ni ya nani," alisema Nikuze. "Hapo. Usiandike matofali tu."

Rogasian aliisoma tena hati, akapiga mstari, akaandika upya: matofali mia moja, moja likiwa limepatikana ofisi ya kata na tisini na tisa hapa, yote yenye alama ya vidole vitatu, mali ya kaya ya Twagirayezu, yaliyotengenezwa mwaka 1989. Akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi. Aliweka. Nakala alimwachia Mukabera, ambaye hakujua kusoma.

Gari la polisi lilikuja saa kumi. Nikuze aliyapakia mwenyewe, alikataa kusaidiwa na askari, kisha akapanda akakaa juu yake.

Jumatano saa tatu baraza la kata lilikaa. Mukabera alifika na ile nakala imefungwa kwenye kanga. Adelard aliisoma mpaka mwisho, akairudisha. Alisema hiyo ni karatasi ya jinai, si ya ardhi, na mdaiwa amefariki, na mrithi wake hayupo barazani. Shauri lilichukua dakika kumi na moja. Mlango, kwa kukosa kizuizi, ulijifunga mara mbili, na mara zote mbili mtu alilazimika kuinuka.

Rogasian alifunga jalada Ijumaa. Ukurasa wa mwisho aliandika hasara, kama utaratibu unavyotaka.

Waliokufa chini ya ukuta: Twagirayezu, miaka sabini na minane. Nizigiyimana, kibarua wa kahawa. Muuza karanga mmoja, Kokushubira, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake, miezi tisa. Uwiduhaye, aliyekuwa juu akitangaza mpira. Aliyekufa kwa kupigwa: Habumugisha wa Ihembe. Waliompiga: wanakadiriwa sitini, hakuna aliyemwona mwenzake. Waliovunjika mifupa, kumi na wanne. Mshtakiwa, mmoja, kuua bila kukusudia, makosa matano. Ukuta ulioanguka, hatua sita. Kibanja, eka mbili, migomba mia tatu na mibuni yake, kimekwenda kwa Rwezaura. Matofali yako stoo ya kituo, Rubwera, mpaka kesi iishe.

Aliingia stoo akayahesabu kabla ya kuweka sahihi. Yalikuwa mia.